Mkole Uliofungwa Kaniki

Wajukuu zangu wameambiwa kwamba msitu wetu uliokolewa na wazee. Waliowaambia ni wanaume. Wazee walikwenda Kisarawe, wakakaa kwenye baraza la ofisi ya Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, tangu asubuhi mpaka jua likawahamisha kivuli, wakarudi na vumbi miguuni. Hiyo ndiyo kazi waliyofanya. Waliouzuia msitu usikatwe ni wanawake, na mimi nilikuwepo. Sikuona kitu kwa macho yangu, maana nilikuwa mwali, nimefunikwa kaniki gubigubi kama gunia la mkaa. Nilisikia tu. Lakini masikio yangu yalikuwa mazuri, na mpaka leo ni mazuri. Wanaonisengenya hapa Tumbi wajihadhari.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kisarawe, kwenye njia ya miguu inayokwenda stesheni ya Soga. Msitu ulianzia nyuma ya mashamba yetu ya mihogo, ukashuka bondeni, ukapanda mlima upande wa pili. Kule bondeni kulikuwa na chemchemi iliyozungukwa na mivule mikubwa. Kiangazi kikikausha visima vyote, ile chemchemi ilikuwa inatoa maji, tena baridi. Tulichota pale, tulikata ukindu wa mikeka pale, masika tuliokota uyoga, na kuni kavu hatukuzitafuta kwingine.

Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeweka mawe ya mpaka, ikasema msitu ni wa wote, kwa hiyo hakuna mtu kukata mti mbichi. Bwana Miti, yule mzungu wa misitu, alikuwa anapita na askari wake kufungua mizigo yetu ya kuni njiani. Akikuta tawi bichi, umekwisha. Shangazi yangu alipelekwa barazani Kisarawe kushtakiwa kwa ajili ya mchi. Mchi wa kutwangia! Tulilalamika, lakini tulizoea, maana msitu ulibaki umesimama.

Na kule bondeni, juu kidogo ya chemchemi, ulikuwepo mkole wetu. Mkole si mti wa kutisha. Ni mti mdogo tu, watoto wanakula matunda yake, seremala haugusi. Lakini kwetu Wazaramo, msichana akishavunja ungo anawekwa ndani, anafundwa na kungwi, na siku ya kutoka anapelekwa kwenye mkole. Bila mkole hajatoka. Anaweza kuwa na mvi za uzeeni, lakini kama hakupita pale bado ni mwali. Na mkole wenyewe hauchaguliwi tu porini kama kuni. Wetu ulikuwa ule ule wa mama zetu na bibi zetu.

Basi, vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, mjini Dar es Salaam wanajenga, na mbao zinatakiwa. Siku moja wakaja watu na ndoo ya rangi, wakaichapa mivule alama nyekundu, mmoja baada ya mwingine, hata ile ya kwenye chemchemi. Tukaambiwa tajiri mmoja wa mbao amepewa leseni. Lori litashukia bondeni, njia itapita pale pale penye mkole, na magogo yatapelekwa Soga kupakiwa kwenye treni. Bwana Miti aliyempeleka shangazi barazani kwa mchi ndiye aliyetia sahihi.

Mimi wakati huo nilikuwa ndani muda mrefu, nimenenepa, nimekuwa mweupe kama mhogo uliomenywa. Mchumba alikuwepo, kijana wa Soga mwenye kazi ya reli, posa imeshapokelewa. Wakishavuna mpunga nitolewe, niolewe. Mama yangu alikuwa ameshaanza kuhesabu wageni.

Bibi yangu, mzaa baba, ndiye aliyekuwa kungwi mkubwa wa kijiji. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Jumbe, mkuu wa kijiji chetu, aliporudi na wazee kutoka Kisarawe, bibi alimngojea uani kwetu, nyuma ya dirisha langu.

"Jumbe, umerudi na nini?"

"Nimerudi na salamu, mama."

"Salamu tunazo. Nauliza miti."

"Tajiri ana leseni. Bwana Shauri kasema msitu ni wa serikali, na serikali imeshamruhusu."

"Na maji ni ya nani?"

"Hakusema habari ya maji."

"Hakusema, au hamkumwuliza?"

Jumbe akakohoa. Alikuwa mtu mwema, ila kofia yake aliipenda, na kofia ile ilitoka serikalini.

"Mama, mimi nikisema sana nitavuliwa."

"Vaa kofia yako, baba. Wewe kaa nyumbani. Sisi tuna mwali."

Hilo kwa wanaume waliokuwa pale halikuwa neno la kuulizwa. Mambo ya mwali ni ya wanawake, mwanamume akisikia anaangalia pembeni. Bibi alijua hivyo vizuri kabisa.

Siku ya pili yake alikuja chumbani, akaniambia, "Mke mwenzangu, simama. Tunahama." Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nikafunikwa, nikapandishwa mgongoni kwa mwanamke mmoja mwenye nguvu, nikabebwa mpaka msituni. Wanawake walikuwa wamefyeka uwanja kuuzunguka mkole, wamejenga kibanda cha matawi, na mkole wenyewe wameufunga kaniki nyeusi. Kwetu mkole ukishafungwa kaniki, mwanamume hapiti karibu. Hapiti kuwinda, hapiti kurina asali, hapiti kumtafuta mbuzi wake. Uwanja wenyewe unafungwa na mwali, siku anapotolewa na kaniki ikafunguliwa. Kwa kawaida ni jambo la siku chache. Bibi aliufungua uwanja ule hana nia yoyote ya kuufunga.

Lori lilikuja likaishia juu, kwenye mashamba. Nikasikia watu wanashuka kwa miguu, vyuma vinagongana, wamebeba misumeno mikubwa ile ya watu wawili. Kisha nikasikia miguu imesimama. Wengi wao walikuwa vijana wa pwani, wa Ruvu huko na Mzenga. Waliiona kaniki.

"Twendeni!" Hiyo ilikuwa sauti ya nyapara. "Mmesimama nini? Mmeona simba?"

"Heri simba, bwana nyapara," mmoja akajibu. "Pale pamefungwa."

"Pamefungwa na nani? Na kitambaa?"

"Wewe pita. Mimi nimezaliwa na mwanamke, sipiti."

Ndipo bibi akatoka mbele. Alishausikia ulimi wa nyapara, akajua ni Mnyamwezi. Basi Mungu atupe nini tena! Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda bara. Mtani anakutukana huna ruhusa ya kukasirika. Mtani anachukua kitu chako, unakikomboa kwa maneno matamu, huwezi kukinyang'anya. Ukikasirika, umejiaibisha wewe na kwenu.

"Ee, mtani wangu!" bibi akapiga kelele. "Ndiyo wewe? Umekuja na miguu yako ile ile ya kubebea pembe?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nyapara akajibu kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, bibi wa Kizaramo. Nimekuja kukuoa."

"Marahaba. Mahari umeleta msumeno?"

"Nimeleta na shoka."

"Basi lete, tumepokea!"

Nikasikia purukushani, kelele, vicheko, kanga zinapigwapigwa. Wanawake walikuwa wamewavamia, wanachukua mashoka kiutani. Nyapara anasema, "Watani, hapana, hiyo mali ya tajiri!" Na wao, "Tajiri ni mtani wetu? Si mtani wetu. Sisi tumechukua vya mtani!" Vijana wake wote wanacheka mpaka wanakosa pumzi. Mmoja alisema, "Nyapara, komboa!" Akakomboa kwa kucheza ngoma. Alicheza kweli, nilisikia miguu yake, na alicheza vibaya. Wakamrudishia mashoka, lakini jua lilikuwa limeshakwenda, na hakuna aliyevuka kaniki.

Baada ya hapo walirudi mara kwa mara, kila mara wakiishia pale pale. Habari ikaenea. Wanawake wa vijiji vya jirani, ambao nao walikuwa wanachota kwenye maji yale wakati wa kiangazi, wakaanza kuleta wali wao, mabinti zao waliovunja ungo, wajiunge na mimi kibandani. Kibanda kikaongezwa, tukabanana, tukawa tunagombania mkeka. Mama mmoja alimleta binti yake mdogo kabisa, kifua bado kama changu nilipokuwa nacheza kombolela. Bibi akamkataa.

"Mrudishe huyu."

"Si tunataka wawe wengi, mama?"

"Tunataka wawe wali. Nikiudanganya mkole, nitasema nini hao watu wakiniuliza? Mrudishe akacheze."

Yule mama alichukia, lakini alimrudisha. Nalisema hili kwa sababu baadaye wako waliodai kwamba yalikuwa maigizo. Hayakuwa maigizo. Tulikuwa wali, na uwanja ulikuwa uwanja. Kilichokuwa tofauti ni kwamba haukwisha.

Mwishowe Bwana Miti akaja mwenyewe, pamoja na tajiri na karani wa kutafsiri. Hawakuvuka. Sijui karani aliwakataza au waliona haya wenyewe kwa ule umati.

"Bwana anauliza," karani akasema, "sherehe hii itakwisha lini?"

"Mwambie mwali akiiva."

Wakasemezana Kiingereza.

"Anauliza, anaiva lini?"

"Mwambie ni mtoto wa mtu, si embe. Hapimwi kwa kubonyezwa."

Nikasikia hata karani amecheka. Tajiri akasema kitu kwa ukali. Karani akakitafsiri: leseni yake inakwenda ikiisha, na vibarua wanakula bure. Bibi akajibu kwamba wakija kuchota maji hapa hawatanyimwa, chakula wajitegemee. Kisha nikasikia viatu vya Bwana Miti vinazunguka kwa mbali, vinakwenda upande wa chemchemi, na kurudi. Wakaondoka.

Hapo bibi alijiona mshindi. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo hata mtoto wa kwetu angelijua.

Alikuwa ameamuru ngoma ya mkole ipigwe kila siku, asubuhi na jioni, ili watu wa lori wasije wakasahau kama tupo. Lakini ngoma ile si ya kupigwa hivi hivi. Ikipigwa, maana yake mwali anatoka, na upande wa mchumba ukisikia lazima uje na vyakula na nguo kumpokea. Wasipokuja ni aibu kwao. Wakija wakamkosa ni aibu kwetu. Wanawake waliokuwa wanapeleka mihogo Soga walisema kule stesheni kwamba ngoma inalia bondeni. Wakwe wakasikia. Bibi alikuwa anawafikiria watu wa lori tu, wakwe amewasahau kabisa.

Walikuja mchana kweupe, wanaimba, na mbuzi, na mchele, na kanga mpya. Wanaume wao walibaki juu kwenye mashamba. Wanawake wakashuka, wakiongozwa na mama wa mchumba wangu. Nilimjua kwa sauti, sauti nyembamba ya mtu anayejua thamani yake.

"Hodi wenyewe. Tumesikia ngoma, tumekuja kumpokea binti yetu."

Nikasikia mama yangu anavuta pumzi.

"Karibuni," bibi akasema. "Kaeni kwanza, mpumzike."

"Tutapumzika tukimwona. Anatoka kesho?"

"Kesho hapana."

"Kesho kutwa?"

"Mama, mambo yamekuwa mengi. Kuna habari ya msitu."

"Msitu? Mimi sikuposa msitu, nimeposa msichana. Mwanangu ameomba ruhusa kazini kwa mzungu, amekatwa siku zake. Ngoma mmepiga nyinyi. Sasa mnaniambia habari ya miti?"

"Akitoka leo, uwanja umefungwa. Uwanja ukifungwa, kesho lori liko hapa."

"Si hao wali wengine wapo? Waacheni hao, mtoeni wangu."

Maneno yake hayakuwa ya kijinga. Lakini mimi ndiye niliyefungua uwanja. Wa kwanza akitoka, kaniki inafunguliwa. Wale wengine waliletwa chini yangu. Mama yangu akaanza kusema, kwa sauti ya chini, "Mama, tumtoe. Tafadhali. Mtoto atakosa mume."

Kisha bibi alifanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia kabla yake wala baada yake. Akainama, akaingia kibandani, akakaa mbele yangu. Nikawasikia wale wenzangu wanageukia matawi. Mwali haulizwi. Mwali anaambiwa kula, anakula. Anaambiwa inama, anainama. Akanifunua uso.

"Mke mwenzangu, nimekosea. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nikikutoa, wanakata. Nisipokutoa, huyu mama anaondoka na mwanawe. Na mwanawe ni kijana mzuri, ana kazi. Sema wewe."

Sitasema uongo kwamba nilifikiria msitu. Nilifikiria kanga mpya zilizokuwa nje, ambazo nilikuwa nimesikia zinasifiwa. Nilifikiria kutoka kwenye kile kibanda, maana mgongo uliniuma na mwenzangu mmoja alikuwa anakoroma. Kisha nikafikiria nimeshaolewa, nimezaa, nimerudi nyumbani kumsalimia mama na mtoto mgongoni, kiangazi, na mtoto anataka maji.

Nikasema, "Nikija huku na mtoto wangu, nitamchotea wapi maji?"

Bibi akaniangalia. Akanifunika uso tena, akatoka.

"Mwali hajaiva," akamwambia yule mama.

Sikusikia matusi. Ingekuwa afadhali. Nilisikia yule mama anawaambia wenzake wachukue mchele. Wakapanda juu, wanawake wa Soga, na mbuzi wao analia. Posa ikarudishwa. Mama yangu hakusema na bibi kwa muda mrefu sana, wanapika jiko moja, kila mmoja anaikoroga sufuria yake amempa mwenzake mgongo.

Masika yakaanza. Kibanda kikavuja, tukaongezewa makuti. Tajiri alijaribu kuleta lori kwa nguvu mvua ikinyesha, likazama kwenye udongo mweusi wa bondeni mpaka kwenye bodi, halijaikaribia kaniki, na kulitoa wakalazimika kuomba wanaume wa kijiji. Wanaume wetu walikwenda kusukuma. Waliingojea kazi hiyo kwa hamu, maana walikuwa wamechoka kukaa nyumbani wanajipikia. Baada ya hapo Bwana Miti akaja na mawe yake, akaweka alama mpya: bondeni hakuna njia, chemchemi isiguswe, tajiri akate upande wa mlimani kwa muda uliobaki.

Na alikata. Siwezi kuwadanganya wasomaji. Tuliisikia mininga na mivule ya mlimani inaanguka, mmoja baada ya mwingine, ardhi inatetemeka mpaka kibandani. Mlima ule mpaka leo ni vichaka. Bonde ndilo lililobaki.

Wako wanaosema ni mvua iliyookoa bonde, si wanawake. Mimi huwajibu hivi: watu wa misumeno walifika jua likiwa kali na njia kavu. Kama wangeanza siku ile nyapara aliyocheza ngoma, masika yangenyeshea visiki.

Lori la mwisho lilipoondoka, nikatolewa. Nilikuwa nimenenepa hata miguu imesahau kutembea, nikawa nashikwa huku na huku. Wanawake wa vijiji vyote walikuwepo, vigelegele mpaka ndege wakahama. Wali wenzangu walitoka nyuma yangu kwa mpangilio, na kila mmoja alikuwa na watu wa mchumba wake wanamngojea juu. Mimi sikuwa na mtu. Kijana wa Soga alikuwa ameshaoa, na nasikia alipata mke mzuri. Nilipita katikati ya mapokezi ya wenzangu, kichwa nimeinua, na machozi nimeyameza. Mama yangu alinishika mkono upande mmoja, bibi upande wa pili, na siku hiyo ndipo waliposemezana. Mama alisema, "Mshike vizuri, mzito huyo."

Nilikaa nyumbani mpaka watu wakaanza kunihurumia, jambo ambalo silipendi. Kisha wakaja watu kutoka Chole, kule kule Kisarawe, mama mmoja mrefu mwenye maneno machache, na ndugu zake. Nilikuwa jikoni, natwanga. Mlango ulikuwa wazi.

"Ndiye huyu aliyekaa msituni?" yule mama akauliza.

"Ndiye," bibi akasema.

"Wanasema alimkataa mume kwa ajili ya kisima."

"Hakumkataa. Mume hakuweza kungoja."

Yule mama akaniangalia kupitia mlangoni. Niliendelea kutwanga, tena kwa nguvu, aone mikono.

"Mwanangu anaweza kungoja," akasema.

"Basi karibuni. Lakini safari hii ngojeni muitwe. Mkisikia ngoma, msije."

Wakangoja.